Nilidhani ni walevi: barua ya wazi kwa Umoja wa Afrika

Kwa Mwenyekiti,
Kamisheni ya Umoja wa Afrika,
Addis Ababa.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Huku Bulyaga, mjini Tukuyu, mtu akipiga yowe usiku majirani hutoka na tochi. Asiyetoka huulizwa asubuhi, naye hujibu: "Nilidhani ni walevi." Hakuna anayemwamini.

Mwaka 1994 wakubwa wa dunia waliijibu Rwanda hivyohivyo. Marekani, iliyopoteza askari 18 Mogadishu miezi sita kabla, ilikwepa kutamka neno "mauaji ya kimbari", maana ukilitamka, Mkataba wa 1948 wa kuzuia mauaji hayo unakudai uchukue hatua. Ubelgiji iliondoa askari wake baada ya kumi kuuawa. Tarehe 21 Aprili, damu ikimwagika, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliamua kupunguza kikosi chake cha walinda amani wapatao 2,500 hadi 270. Habari walikuwa nazo. Walihesabu majeneza yao tu.

Nasi Watanzania tusijitoe. Mwaka 1979 tulimng'oa Idi Amin, lakini tulivuka mpaka kwa sababu alishavamia Kagera. Waganda, wakiwemo Waacholi, walikuwa wakiuawa tangu 1971.

Kwa hiyo Sheria ya Kuanzisha Umoja wetu ya mwaka 2000 ilinipa matumaini: kifungu cha 4(h) kinawapa haki ya kuingilia kati mauaji ya kimbari bila kuombwa na mwenye nchi. Desemba 2015 Baraza lenu la Amani na Usalama liliidhinisha askari 5,000 waende Burundi kulinda raia. Serikali ya huko ikasema itawahesabu wavamizi, na Januari 2016 wakuu wa nchi wakarudi nyuma. Nadhani kila mmoja aliogopa kufungua mlango ambao kesho ungefunguliwa kwake.

Kisha El Fasher, Darfur, nchini Sudan, ikazingirwa kwa zaidi ya siku 500 hadi ilipotekwa na wanamgambo wa RSF Oktoba 2025. Yowe lilisikika siku zote hizo.

Sidai vita; wanajeshi wetu saba wa kulinda amani waliuawa Darfur Julai 2013, gharama tunaijua. Naomba jambo moja: kifungu cha 4(h) kipelekwe mbele ya wakuu wa nchi, na kila mmoja aseme hadharani kama anakubali au anakataa kitumike Darfur, na kwa nini. Leo anayebaki ndani halipi chochote, kwa kuwa hakuna anayemuuliza.

Huku kwetu huulizwa kwa jina lake.

Wako,
Mkazi wa Bulyaga, Rungwe