Kabla hujamlaumu samaki, yaangalie maji

Msimu wa baridi ukifika, malalamiko ya wazazi wenye mabwawa ya samaki, kuanzia Makambako hadi Njombe mjini, hufanana. Samaki wamegoma kula. Samaki hawakui. Samaki wamepanda juu asubuhi, midomo wazi, kama wanaomba kitu. Wengi hukimbilia mambo mawili: kuongeza chakula, au kufungulia maji ya mtoni yapite bwawani usiku na mchana. Mara nyingi hayo mawili ndiyo yanayomaliza samaki.

Jambo hili linahusu ukurasa wa familia kwa sababu bwawa la nyumbani huchimbwa kwa ajili ya sahani ya mtoto. Mkoa wetu una viazi, mahindi, maharage, maparachichi na maziwa, lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 50.4 ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Njombe wamedumaa. Chakula kipo, ila sahani ya mtoto imejaa wanga. Perege mmoja au wawili kwa wiki kutoka bondeni kwenu ni msaada mkubwa, mradi wawe hai hadi siku ya kuvuliwa.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, yasome maji. Anza na rangi.

Sisi wazazi tumezoea kwamba maji mazuri ni meupe, yanayoonyesha hadi chini. Hayo ni mazuri kwa kunywa, lakini perege akikaa kwenye maji ya namna hiyo ana njaa. Ukijani mwepesi majini ni vimelea vidogo vya mimea, ambavyo ni chakula cha samaki na ndivyo vinavyotoa hewa mchana jua likiwaka. Zamisha mkono wako taratibu, kiganja kikiwa wazi. Kikipotea machoni maji yanapofika kwenye kiwiko, bwawa liko sawa. Ukiendelea kukiona hata maji yakikaribia kwapa, bwawa halina rutuba. Kikipotea maji yakiwa bado kwenye kifundo cha mkono, ukijani umezidi: simamisha mbolea kabisa na punguza chakula. Kama rangi ni ya kahawia, hayo ni matope ya mvua. Panda majani kwenye kingo na uchepushe maji yanayotiririka kutoka barabarani na shambani.

Pili ni joto, na hapa ndipo ushauri wa mikoa ya joto unapotupotosha. Perege hustawi maji yakiwa na nyuzi 25 hadi 30. Yakishuka chini ya 20 hamu ya kula hupungua, na yakifika karibu 16 huacha kukua. Njombe mjini iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Makambako iko chini kidogo, lakini upepo wake unajulikana, nao hupoza maji. Mwezi wa sita hadi wa nane, samaki anayegoma kula hana ugonjwa, anasikia baridi. Pumba na mashudu unayomwagia asubuhi yanazama, yanaoza na kuchafua maji.

Nunua kipimajoto cha kawaida, ufunge uzi, upime asubuhi na saa tisa alasiri. Lisha alasiri maji yakiwa yamepata jua, tena kiasi wanachomaliza kwa dakika 10 hadi 15. Kikibaki, kesho punguza. Siku ambayo maji hayafiki nyuzi 16 hata alasiri, usilishe. Na yale maji ya mto yanayopita muda wote, yafunge. Yanaleta baridi na yanabeba ule ukijani ulioutafuta kwa wiki kadhaa. Bwawa linahitaji maji ya kufidia yale yaliyopungua tu, isipokuwa siku ya dharura.

Dharura ndiyo hii ya samaki kupanda juu, na saa wanayopanda inakwambia tatizo. Wakihema juu alfajiri, kisha jua likitoka wakarudi chini, hewa majini ni ndogo. Usiku ule ukijani hautoi hewa, nao huitumia, kwa hiyo kabla ya kupambazuka ndipo hewa inapokuwa chache kuliko wakati wowote. Bwawa lililojaa mbolea au masalia ya chakula ndilo linaloathirika zaidi, na samaki wakubwa huwa wa kwanza kufa. Acha kulisha na kuweka mbolea, kisha ingiza maji mapya yakianguka kutoka juu ya bomba ili yabebe hewa. Kama huna bomba, chota kwa ndoo na kuyamwaga kwa kishindo hadi jua lipande.

Wakihema hata saa saba mchana jua likiwaka, tatizo ni jingine. Inaweza kuwa amonia, sumu inayotokana na kinyesi cha samaki na chakula kilichooza. Kuna bakteria wanaoipunguza makali, lakini kwenye baridi hufanya kazi polepole. Toa robo ya maji ya chini, jaza mapya kidogo kidogo, na usilishe kwa siku mbili tatu. Kambale huweza kuvuta hewa ya juu, kwa hiyo akipanda mara moja na kushuka, huyo hana shida.

Wakifa wengi kwa pamoja, wakubwa kwa wadogo, inua macho uangalie mlima. Nani amepiga dawa ya ukungu kwenye viazi? Nani ameoshea bomba la kupulizia kwenye kijito kinachoingia kwako? Dawa zenye shaba zinaua samaki, na dawa za wadudu za jamii ya pareto ni kali zaidi kwao, hata kwa kiasi kidogo. Hili halitibiwi bwawani. Zungumza na jirani kabla ya msimu, mkubaliane siku za kupulizia, na siku hizo ufunge mlango wa maji. Samaki uliyemkuta amekufa mwenyewe asiingie jikoni, hata akionekana mzima. Mfukie mbali na maji.

Kwa anayechimba sasa kwenye kinyungu cha familia, yapo mambo ya kufanya kabla ya samaki kufika. Udongo wa sehemu nyingi za Njombe una tindikali, kwa hiyo bwawa likiwa bado tupu nyunyiza chokaa ya kilimo, kilo 10 hadi 20 kwa mita 100 za mraba. Usichimbe chini ya miwati, mipaini au mikaratusi, maana majani yake huoza majini na kivuli huzuia jua. Bwawa la ukubwa huo lianze na vifaranga 200, wasizidi 300. Wakifika kutoka mbali, kwa mfano kituo cha serikali cha Ruhila kule Songea, usiwamwage moja kwa moja. Eleza mfuko juu ya maji kwa nusu saa, kisha ingiza maji ya bwawa kidogo kidogo ili wazoee baridi. Na mwenye ahadi ya kuvuna kwa miezi sita mwulize alivuna wapi. Huku kwetu jiandae kwa karibu mwaka.

Ukibadilisha kitu, badilisha kimoja, usubiri siku tatu uone. Ukipunguza chakula, ukaweka mbolea na kufungulia maji siku moja, hutajua kipi kimesaidia na kipi kimeharibu. Mpe mtoto wa shule daftari aandike tarehe, joto, rangi ya maji na kama samaki wamekula. Afisa uvuvi wa halmashauri akija, kurasa mbili za daftari hilo zitamsaidia kuliko maelezo ya kukumbuka.

Mtoto huyo asishuke bondeni peke yake. Bwawa la mita moja na zaidi linatosha kumzamisha, na kingo zenye utelezi hazimpi pa kushika. Weka uzio wa miti wenye mlango unaofungwa kabla hujajaza maji, na kama bwawa limeshajaa, uzio huo uwe kazi ya Jumamosi hii.