Maji Yakirudi: Kutembea kwa Miguu Tiwi, Kongo na Shimba



Mama mmoja wa ng'ambo ya Likoni ameniletea barua. Daktari amemkuta na sukari, akamwagiza atembee kila siku. Mama huyu angependa kwenda na binti zake wawili ufuoni siku za Jumamosi, na mara moja moja wapande vilima vya Kwale. Mumewe amekataa, akisema kuwa mwanamke wa heshima haonekani akizurura pwani. Aniuliza: je, Sheikh, kutembea kwangu ni makosa?

Nitamjibu mama, lakini kwanza niseme na mume, kwa kuwa ni ndugu yangu katika dini na wasiwasi wake naufahamu. Ufuo wa leo una mambo mengi yasiyopendeza macho, nami sitaki kumlaumu baba anayehofia nyumba yake. Ila nimkumbushe kuwa Mtume wetu, swalla-Allahu alayhi wasallam, alishindana mbio na Bi Aisha, radhiya-Allahu anha, wakiwa safarini. Mara ya kwanza Bi Aisha alishinda. Baadaye, alipokwisha kunenepa, Mtume akashinda yeye, na akamtania kuwa hiyo ni malipo ya ile ya kwanza. Mume anayeona haya kutembea na mkewe na autafakari mkasa huo. Na kila anayehiji, awe mwanamume au mwanamke, hupita baina ya Swafa na Marwa mara 7 kwa kufuata nyayo za mama aliyepanda na kuteremka vilima viwili peke yake akitafutia mwanawe maji.

Kwa hiyo, mama, matembezi yako ni halali, na ikiwa nia yako ni kuuhifadhi mwili aliokukabidhi Mola, yana thawabu. Chunga sitara, chagua wenzako wema, elewana na mumeo. Bora zaidi, mwende naye. Safari ya mbali ina hukumu zake za maharimu, lakini kutoka Likoni hadi Tiwi na kurudi mchana huohuo, pamoja na kundi la wanawake waaminifu, sioni tatizo ndani yake.

Hofu yangu mimi haikuhusu watu. Inahusu bahari, nami nina sababu.

Miaka kadhaa iliyopita niliwachukua mke wangu na watoto watatu tukatembee kutoka Tiwi kuelekea kusini, hadi Msikiti wa Kongo ulioko mdomoni mwa Mto Mwachema, pale Diani inapoanza. Njia hiyo ni nzuri mno. Kuna vipande vya mchanga mweupe, kisha jabali la matumbawe linaingia hadi majini, likiwa limechongwa na mawimbi mapango na meno makali. Maji yakipwa hupita chini ya jabali kwa miguu, ukaona vidimbwi vyenye samaki wadogo wa kila rangi. Ukifika Mwachema, maji yakiwa yamepwa, unavuka kwa kupandisha nguo kidogo tu, na ng'ambo ya pili kuna mibuyu mikubwa na msikiti wa mawe uliojengwa na wazee wetu karne nyingi zilizopita, na hadi leo unaswaliwa.

Ilikuwa tarehe 16 ya mwezi. Mke wangu ni binti wa mvuvi. Asubuhi aliniambia, "Baba Salma, leo ni bamvua. Tukitoka, tutoke mapema." Mimi nikaketi kwa rafiki yangu kwa chai na mahamri, mazungumzo yakanoga, tukaanza kutembea saa sita na nusu. Akanena tena, "Maji yanarudi." Nikamjibu kuwa bahari bado iko mbali. Alinyamaza kwa adabu yake, nami nikadhani nimeshinda hoja.

Kabla ya saa nane maji yalikuwa yamelifikia jabali mbele yetu. Tulipogeuka, yalikuwa yamelifikia na la nyuma. Tukabaki kwenye kipande cha mchanga kisichozidi ukumbi wa nyumba, na kila wimbi likikipunguza. Mdogo wetu alikuwa na miaka 6. Nilijaribu kupanda jabali nikiwa nimembeba, nikachanika kiganja, nikateremka. Mke wangu hakusema neno lolote la kunilaumu. Alifunga lesu yake kiunoni, akaanza kuita kwa sauti kubwa, yeye ambaye sijapata kumsikia akipaza sauti mbele ya watu.

Akatokea bibi mmoja wa Kidigo juu ya mwamba, na kikapu chake cha pweza. "Nyie mwatoka wapi saa hizi?" Hakungoja jibu. Akatuonyesha ufa nyuma ya mkadi, ambao ndani yake palikuwa na vidato vilivyochongwa tangu zamani, na njia ya miguu ikatoka hadi barabarani. Wanawake wa kijiji kile ndiyo waliyokuwa wakishukia kwenda kuokota chaza na kuvua pweza. Tuliswali Alasiri uani kwake.

Tangu siku ile nimejifunza nilichopaswa kukijua tangu utotoni. Sisi Waislamu kalenda yetu ni ya mwezi, na bahari yetu nayo hufuata mwezi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, yaani tarehe 1 au 2 na 15 au 16, ni bamvua: maji hupwa sana na kujaa sana, na hapa Mombasa na Kwale tofauti yake hupita mita 3. Siku hizo bahari hupwa kiasi cha saa nne au saa tano asubuhi, na hujaa kiasi cha saa kumi jioni. Kila siku inayofuata, saa hizo husogea mbele takriban dakika 50. Ndiyo maana tarehe 17 au 18 kupwa huangukia adhuhuri, na ifikapo tarehe 8 au 22 huwa ni maji mafu, ambayo hupwa alasiri, tena hayaendi mbali, na chini ya jabali huenda usipate njia kabisa. Tena maji hayarudi kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza hupanda kidogo tu, ukadhani una wakati. Saa ya tatu na ya nne ndipo yanapokuja kwa nguvu. Nusu ya kujaa kote huwa katika saa hizo mbili. Hapo ndipo nilipokamatwa mimi.

Basi anza kutembea saa mbili kabla ya kupwa, ili maji yakianza kurudi uwe umekwisha fika. Vaa viatu vya raba vilivyofungwa, kwani makubazi huteleza na matumbawe yanakata kama wembe. Chini ya baibui vaa suruali, na pindo lisiburure. Wakati wa kusi mawimbi ni makubwa zaidi. Kaskazi ni afadhali. Na wengi huacha swala wakidai hawana maji ya udhu ilhali bahari iko mbele yao! Maji ya bahari ni twahara na yanatwaharisha, hilo Mtume alikwisha kuulizwa akalijibu. Msikimbilie kutayamamu kwa mchanga wa ufuoni, ambao katika madhehebu yetu ya Shafi hautoshi usipokuwa na vumbi.

Vilima vya Shimba ni jambo jingine. Unaachana na barabara kuu pale Kombani, unapanda hadi mji wa Kwale, takriban mita 400 juu ya bahari, na hewa inabadilika ukiwa ungali ndani ya matatu. Hifadhi ina ndovu, nyati na palahala, ambaye katika Kenya nzima hupatikana hapo tu. Kwa sababu hiyo hutembei peke yako. Unafuatana na askari wa wanyamapori. Njia ya kuteremka hadi maporomoko ya Sheldrick ni ya kilomita 2 hivi, maji yanaanguka mita zaidi ya 20, na kurudi ni mlima mtupu. Mama mwenye sukari achukue tende na maji, apumzike kila anapochoka, na asione haya. Kutoka kwenye ukingo wa vilima, siku isiyo na ukungu, utaiona bahari yote ya Diani.

Limebaki jambo moja linalonikera. Mwezi uliopita nilirudi kuutafuta ule ufa wa jabali. Nimekuta ukuta, na lango la chuma lenye kufuli. Kijana aliyekuwa akililinda aliniambia kwa upole kuwa hapo pana mwenyewe sasa. Yule bibi amekwisha kufariki, Allah amrehemu, na binti zake huzunguka mbali kwenda pwani na vikapu vyao. Ibara ya 62 ya Katiba ya mwaka 2010 inasema ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Lakini ardhi ya umma isiyofikiwa na umma itawafaa nini kina mama hawa? Na familia itakayozingirwa kesho na maji pale tulipozingirwa sisi, itatokea wapi?

Nawaomba wasomaji wa Tiwi, Diani, Waa na kwingineko: andikeni njia zote za kushukia pwani mlizozijua utotoni, zilizo wazi na zilizofungwa, na jina la kila njia kama wazee walivyoiita. Nileteeni kupitia ofisi ya jarida hili. Mimi na wazee wenzangu wawili tutazipeleka kwa chifu na kwa mwakilishi wa wadi.

Nawe mama wa Likoni, mke wangu anakusalimu. Anasema mwezi ujao, tarehe 15, yeye na jirani zake watatoka Tiwi saa mbili asubuhi. Mumeo akaribie pia. Mimi nitakuwa nyuma, nikifuata amri.

Wabillahi tawfiq.