Ukitaka kuonja vumbi Muhoroni, kumbuka barabara ni ya miwa

Tangu Safari Rally irejee kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, vijana wengi hutoka Naivasha wakitaka nao kujaribu njia mbovu. Si vibaya. Ila mtu haanzi na mabonde na mawe.

Anayeanza anatoshwa na ukanda wa miwa wa Muhoroni, chini ya milima ya Nandi. Barabara za udongo zinazokata mashamba kuelekea Chemelil zina sehemu nyingi tambarare, na wakati wa kiangazi gari lililoinuka kidogo hupita hata kama halisukumwi na magurudumu yote manne.

Lakini tuelewane, wadau. Njia hizo hazikuchongwa kwa ajili ya raha zetu. Ndizo zinazofikisha miwa kiwandani. Muwa ukishakatwa huanza kupoteza uzito na sukari, na kila siku unayolala shambani ni hasara ya mkulima. Udongo mweusi wa bonde la Nyando nao ukilowa hunata kama gundi. Gari moja likikwama na dereva akazidi kukanyaga mafuta, linaacha handaki ambalo trekta yenye mzigo haipiti. Wewe utavutwa, urudi Kisumu uoshe gari, upige picha. Mkulima atabaki na shimo.

Ndiyo maana somo la kwanza ni kujua siku ya kutokwenda. Mvua za Machi hadi Mei si za wanafunzi. Isitoshe, maji ya Nyando hutoka nyanda za juu; Muhoroni kwaweza kuwa kukavu kabisa huku mto ukijaa. Kivuko usichokiona chini, usikiingie.

Mengine ni ya kawaida. Omba ruhusa ya mwenye shamba. Nendeni magari mawili, mkiwa na kamba ya kuvuta na koleo. Kwenye mteremko tumia gia ndogo, usining'inie kwenye breki. Ukikutana na trekta ya miwa, mwenye nguvu mpishe: kaa kando, zima mbwembwe.

Wakubwa nao wana kazi. Rhino Charge, iliyoanza mwaka 1989, imechangisha fedha za kujenga na kutunza ua wa msitu wa Aberdare. Kumbe magari ya njia mbovu yanaweza kulisaidia eneo yanakopita. Serikali ya Kaunti ya Kisumu, viwanda na wakulima wakae pamoja, wachague njia chache, waziwekee alama na kutoza ada ndogo ya ukarabati. Vijana wa Muhoroni wanaozijua njia hizo wapewe kazi ya kuongoza wageni, na zifungwe mvua zikianza.

Hadi hapo, kila dereva ajipime hivi: trekta inayokuja nyuma yako itapita?