Tramu ya Chini ya Ardhi Si Metro ya Maskini

Upo ugonjwa unaowashika wapangaji wa miji mikubwa duniani, nao ni kuitamani metro. Barabara za mji zikishaanza kuziba asubuhi na jioni, basi mji huo huonekana haujatimia mpaka uwe na treni yake ya chini ya ardhi, yenye njia yake yenyewe toka mwanzo hadi mwisho, isiyokutana na gari wala mpita njia. Hatusemi kwamba metro ni kitu kibaya. Tunachosema ni kwamba ni kitu ghali mno, na kwamba baina ya metro kamili na basi lililokwama katika msururu wa magari ipo njia ya tatu, ambayo imejaribiwa kwa zaidi ya miaka mia moja. Njia hiyo ni kuishusha tramu chini ya ardhi pale tu penye msongamano, na kuiacha ipite juu kwingineko kote.

Mji wa Boston, Marekani, ulitangulia. Mwishoni mwa karne ya 19, tramu za barabara ya Tremont zilikuwa nyingi hata zikazibiana njia zenyewe kwa zenyewe. Wakuu wa mji walichimba handaki fupi chini ya barabara hiyo, wakalifungua tarehe 1 Septemba 1897, na tramu zikawa zinazama upande mmoja na kuibuka upande wa pili. Sehemu kubwa ya handaki hilo ingali inatumika.

Hekima ya jambo hili ni rahisi kuielewa. Fedha nyingi za metro huliwa na uchimbaji: kuhamisha mabomba ya maji na nyaya za umeme, kuzishikilia nyumba zisianguke, kujenga vituo vyenye ngazi na hewa safi. Kila kilomita isiyochimbwa ni fedha iliyobaki katika hazina ya umma. Tena handaki moja la katikati ya mji laweza kupokea njia tano au sita za tramu, kila moja ikitoka kitongoji chake, na mfanyakazi akapanda karibu na kwake na kushuka karibu na ofisi yake bila kubadili gari. Njia moja ya metro huwafaa walio kandokando yake. Wengine hulazimika kutafuta basi kwanza.

Lakini ni lazima mji ujue unajenga nini, na hapa ndipo Ubelgiji inapotufundisha. Tarehe 17 Desemba 1969 Brussels ilifungua handaki la tramu katikati ya mji, ikaliita jina lenye maana ya metro ya awali. Nia ilikuwa wazi: tramu zipite humo kwa muda tu, mpaka fedha za metro zipatikane. Kwa njia ya mashariki na magharibi ahadi hiyo ilitimizwa upesi, na metro ikaanza mwaka 1976. Mwaka huohuo likafunguliwa handaki la kaskazini na kusini, nalo pia kwa ajili ya tramu. Hilo likangoja. Miongo minne baadaye ikaamuliwa ligeuzwe kuwa metro na kurefushwa. Kazi imekwama chini ya jengo kubwa la kale liitwalo Palais du Midi, katika udongo laini wenye maji, na gharama zimepanda kupita zilivyotangazwa mwanzo. La kushangaza zaidi ni kwamba, kwa mujibu wa mpango huo, wakazi wengi wa kusini waliozoea kufika katikati ya mji kwa tramu moja watapaswa kushuka na kupanda tena katika kituo cha Albert. Yaani fedha nyingi zinatumika, na mtu huyu anaongezewa ngazi za kupanda!

Kosa si handaki la 1976. Kosa ni kulihesabu kuwa deni ambalo sharti lilipwe kwa metro, hata kama tramu zinawatosha watu.

Antwerp nayo ilichimba kwa matumaini makubwa kuliko mfuko wake. Tramu zilianza kupita chini ya ardhi mwaka 1975, lakini handaki lake moja la mashariki lilibaki giza hadi mwaka 2015. Charleroi ilifanya vibaya zaidi. Huko vilijengwa vituo katika tawi la Châtelet, vikakamilika, na kwa zaidi ya miaka thelathini havikupata kumpokea abiria hata mmoja. Mtu hujikuna ajipatapo. Miji hii ilitaka kujikuna mgongoni kwa mkono mfupi.

Wapo watakaosema kwamba tramu ikichelewa barabarani huupeleka ucheleweshaji huo mpaka ndani ya handaki. Ni kweli. Frankfurt huziita njia zake za mwaka 1968 treni za chini ya ardhi, na bado katika barabara ya Eschersheimer Landstrasse zinapita juu na kukatana na magari. Dawa yake inajulikana: kuitengea tramu njia yake barabarani na kuipa haki ya kupita kwanza kwenye taa, jambo linalohitaji ujasiri wa viongozi mbele ya wenye magari kuliko linavyohitaji saruji. Kadhalika, asidhani mtu kwamba kuchimba kwa ajili ya tramu ni mchezo. Tarehe 3 Machi 2009, mjini Köln, jengo la nyaraka za kale za mji lilididimia karibu na ujenzi wa handaki la aina hiyo, na watu wawili wakafa katika nyumba za jirani.

Vienna ilijaribu yote mawili. Handaki lake la tramu la mwaka 1966 liligeuzwa kuwa njia ya metro mwaka 1980. La mwaka 1969, upande wa kusini, liliachiwa tramu, na zinapita humo hadi leo. Kila handaki lilipewa kazi inayolifaa.

Barani Afrika, Addis Ababa ilifungua reli yake nyepesi mwaka 2015, nyingi ikiwa juu ya ardhi na kwenye madaraja, na kipande kifupi tu kikipita chini, kwenye uwanja wa Menelik II. Matatizo yaliyoikumba baadaye hayakutokana na kukosa handaki refu. Yalikuwa ya vipuri, na ya mabehewa yaliyolala karakana kwa kukosa fedha za kigeni za kuvinunulia. Kwa hiyo atakayeweka mezani ramani ya metro au ya tramu, pamoja na bei ya kuchimba, aulizwe pia ni kiasi gani kimetengwa kwa vipuri vya mwaka wa kumi.