Umeme wa Uhakika: Uhakika wa Nani?

Neno la Kiingereza reliable limeingia katika hotuba za viongozi wetu likavishwa kanzu ya Kiswahili: umeme wa uhakika, maji ya uhakika, soko la uhakika. Kanzu hiyo inalipwaya.

Kwa wenyewe, sifa hiyo hupewa kitu kilichokwisha kujaribiwa mara nyingi kisimwangushe mtu: mizani, shahidi, jahazi. Wahandisi wa umeme huipima kwa idadi ya mikatiko na saa za giza anazozipata mteja kwa mwaka. (Wasomi wa karne ya 19 waliwahi kulikataa neno hilo, wakidai kwamba limekosa kihusishi chake. Kiswahili hakina ugomvi huo. Sisi hutegemea kitu, nacho kikategemeka.) Kwa nini basi kutegemeka kumeachwa, ukachukuliwa uhakika? Kwa sababu uhakika, ndugu wa haki, hutangaza kwamba jambo limekwisha kuthibiti. Hauulizi limethibitishwa na nani wala kwa kipimo gani.

Tuje Wawi, hapa Chake Chake. Kwa miaka mingi Pemba ilitegemea majenereta ya dizeli ya Wesha. Mwaka 2010 ukafika waya wa chini ya bahari kutoka Tanga, wa megawati 25, kwa msaada mkubwa wa Norway. Ni maendeleo, na anayeyabeza hana shukrani. Lakini waya mmoja, hata uwe mpya, ni waya mmoja. Unguja ilikuwa na wake kutoka Ras Kiromoni tangu 1980. Ulipoharibika Desemba 2009, kisiwa kilikaa takriban miezi mitatu bila ya umeme wa gridi. Waliokuwa wakihubiriwa uhakika walikwenda kununua mishumaa.

Katika karafuu neno limepinda zaidi. “Soko la uhakika” maana yake ni mnunuzi mmoja kwa mujibu wa sheria, yaani ZSTC. Mkulima anajua kwa hakika nani atanunua; asichokuwa nacho ni uwezo wa kumkataa. Huo ni uhakika wa mnunuzi, si wa mkulima.

Watumishi wa umma mnaoandika taarifa hizi, kila mnapoliweka neno “uhakika” wekeni na hesabu: mwezi uliopita umeme ulikatika Wawi mara ngapi, na kwa saa ngapi? Kama hesabu hiyo hamna, andikeni “umeme” tu.