Jina la Mmea ni Sehemu ya Historia ya Mgonjwa

Mashamba ya milima ya Makete, inakosimama Hospitali ya Consolata Ikonda, hustawisha viazi mviringo. Kiazi hicho ni ndugu wa nyanya, ngogwe, mnavu na ndulele. Yote ni ya jenasi moja, Solanum. Pilipili, tumbaku na mnanaha ni binamu zake katika familia pana ya Solanaceae. Undugu huo umejadiliwa kwa karne nyingi. Mwaka 1753 Carl Linnaeus aliiweka nyanya katika Solanum. Mwaka uliofuata Philip Miller akaitenga. Mwishoni mwa karne ya 20 uchunguzi wa DNA ukairejesha kwa nduguze.

Wapo wanaodhani kwamba mjadala huo haumhusu muuguzi aliye zamu. Dhana hiyo ina hatari. Mimea yenye asili moja mara nyingi hurithi kemikali zinazokaribiana, na kemikali hizo ndizo zinazomfikisha mgonjwa wodini. Mnanaha una atropini na skopolamini: mboni za macho hupanuka, mdomo hukauka, moyo huenda mbio, na mgonjwa huweweseka. Mwaka 2019, huko Karamoja nchini Uganda, chakula cha msaada kilichoingiwa na sumu za kundi hilo kiliugulisha watu takriban 300, na 5 wakafariki. Atropini hiyo hiyo, kwa kipimo cha daktari, humwokoa mkulima aliyedhuriwa na viuatilifu vya oganofosfeti.

Ni kweli kwamba undugu hautoshi kuwa hukumu: mnavu uliopikwa ni mboga ya kila siku, ilhali mnanaha huua. Ndiyo sababu maneno “dawa ya kienyeji” hayatoshi katika faili. Hata jina la kijijini huweza kutaja mmea mmoja huku, na mwingine ng’ambo ya bonde.

Basi mgonjwa, au ndugu anayemsindikiza, na aje na tawi lenye jani, ua na tunda la mmea uliotumika, bila kuogopa kukemewa. Mhudumu naye aulize pasipo dharau, aandike jina, aikaushe sampuli kati ya karatasi za gazeti, kisha aipeleke kwa mtaalamu wa mimea. Matibabu yasisubiri jibu hilo. Lakini likishapatikana na kuandikwa, litamlinda mgonjwa ajaye.