Shingo za Makuruta

Tumesikia manung'uniko kwamba kuvua shati mbele ya daktari wa kambi ni kupoteza wakati. Sivyo. Mwaka 1854 Maumené, mwanakemia wa Ufaransa, alimlisha mbwa floridi, shingo ikavimba. Akaishuku floridi kuwa chanzo cha rovu. Lakini mbwa mmoja si ushahidi, na floridi ingali yachunguzwa. Mwaka 1918 Daktari Simon Levin aliwapima vijana 583 walioandikishwa jeshini wilayani Houghton, Michigan. Asilimia 30 walikuwa na rovu, wengine wakakataliwa kwa kuwa kola ya sare haikufunga. Takwimu hizo zilisaidia kuleta chumvi ya iodini madukani mwaka 1924. Tunawataka makarani wa zahanati zetu waache kujaza fomu za makuruta kwa kukisia.